Mbomoaji wa minara ya mawe wa Palo Hueco

Jua halijachomoza bado nyuma ya milima ya Palo Hueco, mji mdogo wa jangwani, na Ofelia Tarango ameshakasirika.

Amesimama juu ya mwamba, mtaimbo begani, akikitazama kitu ambacho jana jioni hakikuwepo: mnara wa mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine, bapa kwa bapa, na kileleni kijiwe cha mviringo kama kitunguu. Nyuma yake kuna mwingine. Nyuma ya huo, mwingine tena.

"Hawa wamelala hapa hapa?" anauliza. "Juzi nimebomoa. Jana nimebomoa. Watu hawana makwao?"

Delbert Antone, mwenzake wa kazi kwa miaka mingi, anatua ndoo ya vifaa na kuketi juu yake. Anafungua kifuko cha mbegu za maboga.

"Lakini huo wa kitunguu ni mzuri," anasema.

"Delbert, usinianze."

"Nimesema tu ni mzuri. Sikusema usiubomoe."

Ofelia anauweka mguu kwenye mnara na kuusukuma. Mawe yanaporomoka kwa kishindo, na kitunguu kinabiringika mpaka kwenye ufa wa mwamba. Anakwenda kwa wa pili. Halafu wa tatu. Kila anapobomoa anayabeba mawe na kuyatupa mbali mbali, moja huku, jingine kule, ili atakayefuata apate kazi ya kuyatafuta.

Ofelia ana umri wa miaka hamsini na saba na ni fundi wa njia za miguu. Kazi yake ni kufyeka miiba, kuzibua mitaro kabla ya mvua za Julai, kutengeneza ngazi zilizobomolewa na maji, na kuwaondoa nyoka mahali ambapo wageni hupenda kukaa. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa, na msimu wa wageni ukiisha saa zenyewe hupungua. Kabla ya kazi hii alifua mashuka ya hoteli.

"Nilichoka kukunja mashuka ya watu waliokwenda kutembea," anasema. "Nikaona bora nikatembee mimi."

Njia anayoipenda kuliko zote, na inayomtesa kuliko zote, ni hii ya kwenda Tinaja, vidimbwi vya juu ambavyo hushika maji ya mvua hata jangwa zima likikauka. Nusu ya kwanza ni ya udongo, kipofu angeipita. Nusu ya pili ni mwamba mtupu, mpana kama uwanja wa mpira ulioinamishwa. Hapo hakuna udongo, kwa hiyo hakuna alama ya kiatu. Kinachomwongoza mtu ni marundo manene ya mawe, yanayofika kiunoni, aliyoyajenga Ofelia na Delbert kwa mikono yao. Unasimama kwenye rundo moja, unalitafuta la mbele kwa macho, ukiliona unalifuata.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi unasimama kwenye rundo moja unaona minara arobaini.

Inaelekea kila upande. Mingi imejengwa kwa mawe yaliyong'olewa kwenye marundo ya Ofelia mwenyewe, kwa sababu ni mazuri na yako karibu. Wageni huijenga, huipiga picha, huondoka. Ukiingia mjini kwa barabara kuu, bango la makaribisho nalo lina picha ya mnara wa mawe na machweo nyuma yake. Ofelia huzungukia njia ya kituo cha mafuta ili asilione.

Kabla ya saa nne, joto limeshaanza kupanda kutoka kwenye jiwe. Kijana mmoja mwenye kofia mpya amechuchumaa kando ya njia, akisawazisha vijiwe kwa ncha za vidole. Ofelia anamkaribia taratibu.

"Habari ya asubuhi, mwanangu. Hayo mawe unayarudisha saa ngapi?"

"Samahani?"

"Umeyatoa pale. Nauliza utayarudisha saa ngapi."

"Mama, hii ni njia yangu ya kutafuta utulivu," kijana anajibu kwa upole. "Nimeifanya kwa saa nzima."

"Saa nzima! Na mimi utulivu wangu nautafuta wapi? Saa nzima ungenisaidia kuzoa mchanga kwenye mtaro."

Kijana anacheka, akidhani ni utani. Ofelia hacheki. Anasubiri, mikono kiunoni, mpaka kijana anaanza kurudisha mawe moja moja, amenuna. Delbert anamwekea mbegu za maboga kiganjani kama pole.

Asiyemfahamu anaweza kumwona Ofelia mama mkali anayewafuatafuata watu kwa ajili ya vijiwe. Sababu yake anaieleza akiwa amekaa chini ya kivuli chembamba cha mti wa miiba, mkate uliokunjiwa maharage na mayai mapajani, bila kuula.

Juni ya mwaka jana, yeye na Delbert walikuwa wakitengeneza ngazi za chini wakati mzee mmoja alipowajia kutoka maegeshoni. Alikuwa akichechemea, amejifunga bandeji gotini. Jina lake Wendell Voss. Mkewe, Marjorie, mwalimu mstaafu wa muziki, alikuwa amepanda peke yake alfajiri kwenda kuviona vidimbwi, kwa kuwa goti la mumewe lilikataa.

"Aliniambia atarudi tunywe chai," Wendell alisema. Ilikuwa mchana. Siku hiyo joto lilipita nyuzi arobaini na tatu.

"Sikumuuliza swali la pili," anakumbuka Ofelia. "Nilimwambia Delbert aite helikopta kwa redio, nikachukua maji, nikapanda. Sijui magoti yangu yalitoka wapi siku hiyo."

Alipofika kwenye mwamba aliona kiatu cha mwanamke. Hakikuwa njiani. Kilikuwa mbali upande wa kushoto, kando ya mnara mdogo wa mawe. Mbele yake mnara mwingine, na mbele yake tena mwingine, mstari mzima uliopendeza, ukishuka kuelekea Korongo la Kusini, ambako mwamba unakatika ghafla na chini ni miiba na mawe.

Marjorie alikuwa amejikunja chini ya jiwe lililochomoza, hatua chache tu kabla ya pale mwamba unapokatika. Amevua viatu. Midomo imepasuka. Alikuwa akimwambia mtu asiyekuwepo afunge dirisha.

"Nilimshika kichwa nikawa namlowesha kitambaa mdomoni, kidogo kidogo. Nikimwambia, 'Bibi, nitazame mimi. Nitazame mimi tu.' Delbert alipofika tulimtengenezea kivuli kwa mashati yetu. Helikopta iliposikika nilikuwa nimeshaishiwa maneno."

Marjorie alipona, ila figo zake hazijarudi kama zamani, na sasa hutembea kwa mkongojo. Baada ya kutoka hospitali alipiga simu kushukuru. Alishukuru sana. Kisha akasema maneno ambayo Ofelia anayarudia polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

"Alisema, 'Sikufanya uzembe, dada. Nilifuata mawe yenu.' Yenu! Nikataka kumwambia si yetu. Lakini yeye angejuaje?"

Lililomuuma zaidi alikuwa analijua kabla ya simu hiyo. Mstari ule wa kwenda Korongo la Kusini ulianzishwa na wateja wa Yesenia, mtoto wa marehemu kaka yake.

Yesenia Tarango, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, huongoza wageni. Alianza na gari moja la mkopo na sasa ana wasichana wawili wanaomsaidia. Ziara yake iliyopendwa kuliko zote iliitwa Jiwe la Ombi: mgeni anapanda mpaka mwanzo wa mwamba, anapanga mawe yake, anaomba anachokiomba, anapigwa picha. Wengine waliona ombi litakuwa zuri zaidi mbele kidogo, wakasogea. Na mbele kidogo tena.

Jumapili moja, mbele ya mabakuli ya supu ya utumbo nyumbani kwa mama yake Yesenia, mambo yalilipuka.

"Shangazi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtupa yule bibi korongoni?"

"Sijasema hivyo. Nimesema uache."

"Niache nile nini? Mgodi wa mji umefungwa tangu baba akiwa hai. Bila wageni mji huu ni kituo cha mafuta na mbwa!"

"Wageni walikuja kabla ya mawe yako."

"Walikuja wangapi? Wewe unalipwa waje wasije. Mimi siku wasipokuja nalala njaa."

Ofelia aliinuka akaenda bila kumaliza supu. Kwa miezi kadhaa shangazi na mpwa walipishana mjini wakiinuliana kidevu tu.

"Tena alikuwa na haki kiasi," Ofelia anakiri kwa hasira, kana kwamba hilo nalo ni kosa la Yesenia. "Hapo ndipo palipoudhi."

Ni Ofelia aliyepiga simu kwanza, mwezi Oktoba. Maneno yalikuwa machache. "Njoo kesho. Bila wateja." Yesenia alikwenda shingo upande, miwani ya jua usoni, ufunguo wa gari mkononi kama mtu asiyetaka kukaa.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Ofelia alikuwa hajabomoa kitu. Aliacha minara yote ya wiki nzima. Walipanda hadi kwenye vidimbwi, wakanywa maji waliyobeba, kisha Ofelia akasema, "Tangulia. Fuata mawe utufikishe nyumbani."

Yesenia alikuwa hajawahi kushuka kutoka juu kule. Ziara zake huishia mwanzo wa mwamba. Alitembea kwa kujiamini, akizungumza, akilalamikia bei ya bima. Baada ya muda mazungumzo yalipungua. Kisha yakaisha. Alisimama ghafla: mbele ya ncha za viatu vyake mwamba ulikuwa umekwisha.

Aligeuka nyuma. Minara ilikuwa kila upande, yote ikifanana.

"Shangazi," alisema, na sauti ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akiogopa radi, "tumetokea wapi?"

"Nilimwacha akae na swali lake kidogo," anasema Ofelia. "Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilifurahi. Halafu nikamshika mkono."

Yesenia mwenyewe anaisimulia kwa ufupi. "Nilijua hadithi ya bibi Marjorie. Nilikuwa nimeshaichoka. Pale nikaona ni mimi niliyesimama mahali pake." Walibomoa pamoja mpaka walipofika chini.

Mtu angependa kusema kwamba tangu hapo kila kitu ni shwari. Sivyo. Jiwe la Ombi limefutwa, na wateja kadhaa wameandika mtandaoni kwamba ziara imepoa. Msaidizi mmoja wa Yesenia amehamia kwa mshindani, ambaye bado anawapangisha watu mawe. Bango la barabara kuu liko pale pale. Na wikiendi yoyote yenye hali nzuri ya hewa, minara huota mwambani kana kwamba imenyeshewa mvua.

"Nimeomba kibao cha onyo, wakubwa wakaniambia kitaharibu mandhari," anasema Ofelia. "Mandhari! Mawe yanahamishwa kama samani, halafu kibao ndicho kinaharibu mandhari."

Kwa hiyo ameacha kuomba. Mpango wake mpya umelala nyuma ya pikapu yake: mizunguko ya waya wa uzio wa ng'ombe, mkuukuu na wenye kutu, aliopewa na jirani mwenye ranchi, na msimamizi wake amekubali autumie. Wanaukata na kuusuka kuwa vikapu vipana, wanavijaza mawe mpaka pomoni, wanavifunga juu. Rundo la namna hiyo halifanani na mnara wa mtu yeyote, na hakuna anayeweza kulichomoa jiwe kwa ajili ya picha. Kikapu cha kwanza kimeshasimama mwanzo wa mwamba. Ni kibaya kweli kweli. Delbert anasema kinafanana na shemeji yake.

Jumamosi ambazo hana wageni, Yesenia huja na koleo za kukatia waya. Mikono yake imejaa mikwaruzo, naye hulalamika mwanzo hadi mwisho.

"Shangazi, huu waya una kutu. Nitapata pepopunda."

"Si ulichanjwa? Kaza hapo. Hapo siyo, hapo."

"Nimekaza!"

"Hujakaza. Mtalii wa kwanza atakifungua kama zawadi."

Ofelia anataka vikapu vifike kwenye vidimbwi kabla joto kali la Juni halijarudi, kisha apumzishe magoti. Anaulizwa kama angependa jina lake liwekwe mahali fulani njiani, baada ya kazi yote hiyo. Anauliza kama anataniwa.

"Nataka bibi wa watu apande, aone maji yake, ashuke, aingie garini akanywe chai na mumewe," anasema, akiinua jiwe kwa mikono miwili na kulitumbukiza kikapuni. "Asijue kabisa kwamba niliwahi kuzaliwa."