Chombo cha Mama Vitako

Tusidanganyane, Mama Vitako hakupewa jina hilo kwa heshima. Wapulizaji wa kiwanda cha vioo ndio waliombandika, wakicheka mpaka machozi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusaga vitako vya glasi na mabakuli visije vikakwaruza meza za watu. Miaka ishirini na sita: jiwe linazunguka, maji yanadondoka, vidole vimekunjamana. Wanaume wako upande wa tanuri, vifua mbele, kila mmoja mfalme. Jina akalipokea. Akawaambia, nyie pulizeni tu, lakini bila mimi hakuna chenu kitakachosimama. Leo ana sabini na ushei, kiwanda kilishafungwa zamani, na ulimi wake uko vilevile.

Basi asubuhi moja akaja mtoto wa marehemu mdogo wake, mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye mvi zake.

"Mama mkubwa, twende ukatoe ushahidi kidogo tu."

Ushahidi wenyewe ni kwamba kile chombo cha maua cha kijani, alichokitunza mama yake tangu siku ya harusi, kilitoka kiwandani kweli. Duka la mnada wa vitu vya kale lilikuwa limekipokea. Mtaalamu wao amekitazama, akasema ni kazi ya Bwana Moto, yule mpulizaji mkuu ambaye siku hizi matajiri wanagombania kila alichokigusa.

"Kazi ya nani?"

"Ya Bwana Moto, mama."

"Thubutu! Kile nimekitengeneza mimi. Nikampa mama yako kwa mkono wangu huu."

Mwalimu akakuna kichwa. Alikuwa anajua. "Wewe sema kimetoka kiwandani, basi. Hayo mengine tuyaache. Si uongo, ni kunyamaza tu."

"Kunyamaza nimenyamaza vya kutosha. Ngoja nivae viatu."

Mwalimu akadhani amekubali. Masikini, miaka yote hiyo na bado hajamjua mama yake mkubwa.

Chumba cha mtaalamu kilikuwa nyuma ya duka, mlango wazi, wanunuzi wakipitapita kwenye rafu. Chombo kilikuwa mezani juu ya kitambaa cheusi, taa imekielekea. Mama Vitako alipokiona moyo ulimpasuka, maana hakuwa amekitia machoni tangu msiba wa mdogo wake. Mtaalamu, kijibwana safi mwenye glavu nyeupe, akamwamkia vizuri, akamwagizia chai, kisha akaanza kumfundisha.

"Tazama mama, uzi huu wa rangi ya asali unaozunguka shingo. Hapa ndipo unapoiona akili ya Bwana Moto."

Mama Vitako akaangua kicheko. "Akili gani? Hiyo ni chupa ya dawa ya kikohozi! Kipande kilikuwa juu ya bamba la kuviringishia, bonge langu la kioo cha moto likakigusa, likakibeba. Nililaani siku nzima."

Mwalimu akatazama viatu vyake. Mtaalamu akatabasamu lile tabasamu wanalopewa wazee wanaodhaniwa wameanza kusahau.

"Mama, wanawake hawakuwa wanapuliza kiwandani pale. Nimesoma kumbukumbu zote."

"Nani aliziandika? Saa ya chakula wanaume wanakwenda kula, tanuri halizimwi. Mimi nabaki. Bomba la kupulizia liko palepale, na mapafu ninayo."

"Una uthibitisho?"

"Vua hizo glavu. Pitisha kidole mdomoni mwa chombo."

Akapitisha. Ukingo ulikuwa bapa, una ukali kidogo.

"Sasa kigeuze. Papasa kitako."

Akapapasa. Laini, hakuna kitu.

"Haya, sikiliza. Mpulizaji akimaliza, msaidizi wake anakuja na fimbo ya chuma, anaibandika kwenye kitako, anashikilia. Ndipo chombo kinakatwa bombani, mdomo unarudishwa motoni unayeyuka kidogo, unakuwa laini. Fimbo ikitoka inaacha kovu, na kovu analisaga Mama Vitako, panabaki kishimo. Bwana Moto alikuwa na wasaidizi watatu. Mimi nani angenishikia fimbo? Walikuwa wanakula! Nikakigonga kikakatika bombani, nikakipooza, kisha mdomo nikausaga kwa jiwe, baridi hivyohivyo. Bwana Moto hajasaga kitu maisha yake. Alisema ni kazi ya wanawake."

Mtaalamu akainuka. Alikwenda kwenye kabati lake lenye kufuli, akaleta kazi tatu za Bwana Moto zisizo na shaka. Akapapasa midomo: laini yote. Akageuza vitako: kishimo cha mviringo, kila kimoja.

"Na hivyo vishimo pia ni vyangu," akasema Mama Vitako, akinywa chai.

Mtaalamu akaketi. "Ni kweli. Hiki si cha Bwana Moto." Akavuta fomu mpya akaanza kuandika. Mwalimu akafumba macho, akaliona paa jipya la nyumba yake likienda na maji. Mama Vitako akainama, akasoma kwa upande: *Mtengenezaji: hajulikani.*

"Ebo! Hajulikani na nani?"

"Mama, ni utaratibu. Hakuna sahihi, hakuna karatasi ya kiwanda..."

"Nakuuliza, hajulikani na nani? Kiti hiki kina mtu au hakina? Umempa chai nani?" Wanunuzi walikuwa wamegeuka wote. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Kama hutaki, naondoka nacho." Akakishika chombo shingoni.

Mtaalamu akamgeukia mwalimu, akapunguza sauti. "Wewe ndiye mwenye mali. Kuna tajiri anakisubiri; nikiliandika jina lake, hatakuja. Nikiacha hajulikani, angalau naweza kumwambia huenda ni cha Bwana Moto. Huenda."

Mwalimu aliona vile vidole vilivyokunjamana kwenye kioo cha kijani. Mama yake kila alipokifuta chombo kile alisema, dada yangu amekipuliza hiki, kwa pumzi zake. Alisema hivyo mpaka mwaka aliokufa, na hakuwahi kusema huenda.

"Liandike jina lake," mwalimu akasema. "Lake, la baba yake na la babu yake."

Mama Vitako akamtazama, akakirudisha chombo juu ya kitambaa.

Fomu ilipogongwa muhuri aliichukua, akavaa miwani, akasimama mlangoni ambapo duka zima lingemwona. Akasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, majina yote matatu. Bwana mmoja karibu na rafu akaguna.

"Hukusikia vizuri?" Mama Vitako akamuuliza, akaanza tena mwanzo.