Meli Iliyotia Nanga Siku ya Mwethya

Siku ambayo wanawake wa mwethya walikusanyika kwa dada yangu, kijijini Kalamba, kutandika nailoni kwenye silanga yake, nailoni yenyewe ilikuwa bado baharini. Ilikuwa ndani ya kontena, kontena lilikuwa juu ya meli, na meli ilikuwa imesimama nje ya Mombasa pamoja na nyingine kadhaa, ikingoja nafasi ya kuingia. Nyumbani isyo, mahindi na maharagwe, ilikuwa imeiva. Watu walikuwa wamekuja na majembe, sururu na kamba za kuvutia. Hakuna aliyekuwa amekosea njia wala siku.

Silanga ni shimo kubwa la kuvuna maji ya mvua. Ya dada yangu ilichimbwa mwaka uliotangulia, kwa mikono, na kikundi hicho hicho cha mwethya, yaani majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu: leo kwako, siku nyingine kwangu, na mwenye boma hupika. Mvua ya mwisho wa mwaka ilipokuja shimo lilijaa, na watu walipita kulitazama wakitoka kanisani. Udongo wa pale ni mchanga mtupu. Kufikia Krismasi ukingo wa juu ulikuwa umekauka, na shule zilipofunguliwa Januari mbuzi walikuwa wanatembea chini kabisa wakilamba matope. Miche ya nyanya ilikufa. Dada akarudi kupanga foleni na punda wake kwenye visima vya mchanga vya mtoni kama wanawake wengine wote. Hakulalamika. Nilimsikia tu siku moja akimwambia jirani, "Nilichimbia mchanga silanga. Sasa nataka yangu."

Ili maji yakae, shimo linatandikwa karatasi nzito ya plastiki, ile ambayo kwetu inaitwa nailoni. Aliiagiza mjini Wote, kwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Familia yake ilitoka pwani zamani ikakaa Kitui mjini, kisha yeye akaolewa Wote, na mdogo wake ni wakala wa kutoa mizigo bandarini. Mama huyo alituma vipimo vya shimo kiwandani ng'ambo ili karatasi ije imeungwa tayari, kipande kimoja, bila kiungo cha kufanyiwa shambani. Kwa hiyo haikuwa bidhaa ambayo ingeweza kununuliwa mahali pengine ikichelewa. Ilikuwa ifike kabla ya mvua ya Novemba. Ikikosa mvua hiyo, dada angeshinda mwaka mwingine mtoni na punda.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Wote na kukusanya habari za masoko kwa ajili ya redio moja inayotangaza kwa Kikamba: bei ya ndengu, ya mbuzi, ya maembe yakiwa msimu. Wakulima walipozidi kuuliza meli ya mbolea iko wapi, nilijifunza kusoma orodha ambayo bandari huiweka wazi kwa yeyote. Inaonyesha jina la meli, inakotoka, inachobeba, siku inayotarajiwa na gati itakalofunga. Kuna za ngano, za malighafi ya saruji, za magari yaliyotumika, za mafuta. Mtu anayeishi mahali ambapo mto mwenyewe ni mchanga miezi minane huzoea upesi kujua kwamba kesho ngano inaingia. Kando ya orodha hiyo nilikuwa naangalia ramani ya simu ambayo huonyesha meli kama vishale vidogo vya rangi. Kishale kikielekea kaskazini meli inaelekea kaskazini. Ni hivyo tu.

Mama wa dukani aliponipa jina la meli yenye kontena lake, nilianza kuifuata. Ilitoka mashariki, ikasimama Colombo, ikaondoka. Halafu kishale kikaganda katikati ya bahari. Dada alikuwa akinipigia kila jioni baada ya kufungia mbuzi.

"Leo iko wapi?"

"Pale pale pa jana."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Iko mbali sana na nchi kavu, mitambo ya pwani haiioni."

"Meli kubwa hivyo haionekani? Mimi mbuzi wangu akivuka barabara naambiwa na watu watatu."

Nilimweleza kwamba ikikaribia itaonekana tena. Akasema kule Kanyangi, ng'ambo ya mto upande wa Kitui, watu wameanza kupanda kavu. Kupanda kavu ni kutia mbegu ardhini kabla ya mvua, na watu hawafanyi hivyo mpaka wawe na hakika kwamba imekaribia.

Kishale kiliibuka tena Jumatano asubuhi, karibu na Mombasa. Kufikia mchana kilikuwa kimesimama. Ramani ilionyesha alama ya nanga kando ya jina la meli, nami nikaandika kwenye kundi la familia: "Meli imetia nanga Mombasa." Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo tunavyosikia kwenye taarifa za habari meli inapokuja.

Dada aliusoma ujumbe huo kwa sauti mbele ya mwenyekiti wa mwethya, mama mmoja mrefu ambaye hubeba jembe begani hata akienda kwenye harambee. Mwenyekiti akauliza ni kusema nini. Sisi hatuna bahari, na neno la Kikamba la kutia nanga silijui mpaka leo. Dada akasema lile lililokuwepo: niyavika. Imefika. Mwenyekiti akalipeleka hivyo hivyo boma hadi boma, na kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba nailoni imefika. Mwanamke aliyekuwa na zamu ya Jumamosi, achimbiwe matuta, akakubali kumwachia dada siku yake. Hilo si jambo dogo, kwa sababu zamu ikishatumika unarudi mwisho wa mstari, na mvua ikishaanza mwethya husimama kila mtu akashughulikie shamba lake.

Jumamosi nilitoka Wote mapema niende kusaidia kuvuta. Nilipita dukani kuuliza kama lori limetangulia. Mama alikuwa anafungua milango, kikombe cha chai mkononi.

"Hodi, mama. Lori la Kalamba limeondoka?"

"Lori gani, mwanangu?"

"La nailoni. Si meli imetia nanga tangu Jumatano?"

Alicheka mpaka akaweka kikombe juu ya mfuko wa saruji. "Nyinyi watu wa bara mtaniua. Kutia nanga ni kungoja. Meli iko nje huko, imepanga foleni kama wewe benki. Itaitwa, itaingia, itafunga gati. Ikifunga gati ndiyo useme imefika. Na ikifika haijashusha. Na ikishusha, bado ndugu yangu hajautoa mzigo."

"Wenzangu wamekusanyika, mama. Wamepika."

Akaacha kucheka. "Wamekusanyikia nini?"

"Kutandika."

"Watatandika leso?"

Nikauliza niwaambie nini. Akafikiri. "Waambie iko mlangoni, haijabisha hodi."

Nilimpigia dada, simu ikawa imezimwa. Alikuwa ameipeleka kuchajiwa sokoni. Nilipofika, sufuria mbili zilikuwa mekoni na watu walikuwa wameketi kwenye lundo la udongo la silanga, miguu ikining'inia upande wa shimo. Nikawaambia.

"Wewe wa redio," mwenyekiti alisema, "kwa hivyo iko wapi?"

"Mombasa. Nje ya bandari."

"Nje? Imenyimwa ruhusa?"

"Inangoja foleni. Kutia nanga bado si kufika."

"Lakini hiyo nanga ni ya kufika. Ama ni ya nini?"

Mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi akamwambia mwenyekiti bila kuinua kichwa, "Mwaitu, mimi naielewa. Hata bwana yangu hutia nanga pale sokoni Ijumaa. Kufika ni Jumamosi."

Walicheka mpaka mmoja akateleza shimoni. Mwingine akasema dereva wa meli aambiwe isyo inapoa. Dada alikuwa anapakua. Alinipa sahani yangu na kusema kwa sauti ya chini, akiniita ndugu kwa Kikamba, "Mwanaasa, hii ilikuwa siku yangu."

Kazi ingeishia hapo, lakini mwethya hauli chakula cha mtu bure. Mwenyekiti alisimama, akapiga jembe chini na kuuliza ni kipi kinaweza kufanywa bila nailoni. Wakashuka shimoni wakalainisha kuta, wakatoa mizizi na mawe yenye ncha yanayoweza kutoboa. Wakachimba mfereji kuzunguka ukingo, ambamo pindo za karatasi hufukiwa. Saa nane hivi kazi hiyo ilikuwa imekwisha na bado watu walikuwa na nguvu. Ndipo wakaenda barabarani, ambako maji ya mvua hukimbilia bondeni, wakachimba mtaro kutoka pale hadi mdomo wa silanga. Waliuchimba vizuri, mpana, mteremko ulionyooka. Kwa kawaida mtaro hufunguliwa mwisho, nailoni ikiwa chini. Hakuna aliyelisema hilo. Binamu yetu wa Kanyangi alikuwa amepiga simu kwa jirani asubuhi kusema imenyesha kwao, na mawingu yalionekana ng'ambo. Mzee mmoja aliyekuja kuazima sururu alisema mvua ya Kitui ina mazoea ya kukaa Kitui. Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe.

Meli ilibaki nje siku zilizofuata. Nilikuwa naifungua ramani kabla ya kuosha uso. Vishale vingine vilikuwa vikiingia vikitoka, vikiipita. Orodha ya bandari ilisogeza mbele siku yake ya kuingia, kisha ikaisogeza tena. Siku meli ilipoingia niliandika kwa uangalifu zaidi: "Imefunga gati. Haijashusha." Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa ameongezwa kwenye kundi la familia bila mtu kukumbuka aliongezwa na nani, alijibu kwa sauti iliyorekodiwa: "Na hii gati nayo ni nini tena? Mtu aseme kwa lugha ya watu."

Mama wa dukani alinipa habari kwa vipande, kadiri alivyozipata kwa mdogo wake. Kontena limeshuka. Kontena liko uwanjani. Ukaguzi. Kontena limetoka. Kila kipande nilikipeleka Kalamba kama kilivyo. Dada alikuwa ameacha kuuliza iko wapi. Alikuwa anauliza tu, "Na lori?"

Mvua ilivuka mto usiku mmoja kabla ya lori kufika Wote. Kule kwa dada ilinyesha mpaka alfajiri. Alinipigia kumekucha, sauti yake kama ya mtu aliyekimbia. Mtaro wa mwethya ulikuwa umefanya kazi yake: maji yote ya barabara yalikuwa yameteremka moja kwa moja ndani ya silanga. Yalikuwa mengi kuliko ya mvua ya kwanza ya mwaka uliopita.

Lori liliingia Wote mchana huo. Nilipanda na dereva, na kabla ya saa kumi nailoni ilikuwa Kalamba, furushi jeusi linalong'aa, zito kiasi kwamba watu sita walilisukuma kama gogo hadi barazani. Ilikuwa na karatasi ya anwani yenye jina la duka na vipimo vya shimo. Dada aliigusa kwa kiganja, akazunguka nyuma ya nyumba. Tukamfuata.

Nailoni hutandikwa pakavu. Mama wa dukani alilithibitisha kwa simu: ikiwekwa juu ya maji na matope hewa hunaswa chini yake, inavimba, inavuta pindo mpaka inatoka kwenye mfereji. Ili kuitandika, maji yaliyokuwamo yalipaswa kutolewa kwanza kwa ndoo na kumwagwa, na shimo liachwe likauke. Yasipotolewa, yangenywewa na mchanga kama yale ya mwaka jana, lakini kwa wiki kadhaa yangemwagilia miche.

"Tukiyamwaga na mvua isirudi?" mwenyekiti aliuliza. Alikuwa amekuja na jembe lake. Hakuwa akimuuliza mtu fulani.

"Itarudi," alisema dereva wa lori.

"Wewe ni wa wapi?"

"Mombasa."

"Basi nyamaza."

Dereva akacheka, akaenda kugeuza lori. Mwenyekiti alisema angeweza kuwaita watu kesho yake, zamu au si zamu, waje na ndoo, maadamu mashamba bado yana matope ya kushika jembe. Keshokutwa asingeweza kuahidi. Watu wangekuwa wanapanda. Redio niliyoifanyia kazi ilikuwa imetangaza asubuhi kwamba mvua ingeendelea katika baadhi ya sehemu za Ukambani. Dada aliniuliza baadhi ni zipi. Taarifa haikusema.

Alishuka hadi majini, akachora mstari kwa kisigino kwenye udongo laini, pale maji yalipokuwa yanagusa, kisha akaenda kukamua mbuzi. Mwenyekiti alipiga simu mara mbili kutoka kwake kuuliza kama awaambie watu waje na ndoo. Dada alimjibu kwamba atamwambia.

Nilipokuwa naondoka kabla ya giza nilipita silangani. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari upana wa kiganja. Ng'ambo, upande wa Kanyangi, kulikuwa na wingu moja, na nailoni ilikuwa bado imefungwa kamba zake za kiwandani.