Bei ya Shuka Moja

Bei niliitaja mwenyewe. Naanza na hilo nisije nikamsingizia mtu.

Nasoma matangazo ya maduka, yale ya nusu dakika yanayorudiwa kutwa kwenye spika za sokoni na stendi hapa Tabora. Shule niliishia la saba, ila watu wanasema nina sauti. Narekodi kwa simu chumbani, mchana, nimejifunika shuka gubigubi ili mlio wa bodaboda usiingie. Kutoza ndiko kulinishinda. Niliogopa kutaja kikubwa nikachekwa. Siku moja nikajikaza: elfu thelathini kwa tangazo, angalau kodi ya chumba itimie.

Wa kwanza kutajiwa alikuwa muuza magodoro, Mzaramo aliyehamia huku. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, hata kuchukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kununa. Akacheka mbele ya wateja.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani kwa shuka moja. Wewe unabeba maneno ishirini tu, unataka elfu thelathini?"

Duka zima likacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia basi na mimi anipe shuka. Nilidhani utani umeishia hapo, bei itafuata. Nikamtumia tangazo. Kesho yake akaniletea shuka, jipya, la bluu, limekunjwa vizuri. Nikapokea, nikashukuru. Labda kosa ni kule kushukuru.

Tangazo likapendwa. Jirani yangu aliyekwenda Igunga alirudi akasema amenisikia stendi kule, nasifia magodoro. Wenye maduka wengine wakaanza kuniita, lakini kila nikitaja elfu thelathini naulizwa mbona wa magodoro nilimfanyia kwa shuka, wao wamenikosea nini. Siwalaumu, hata mimi ningeuliza. Nikashuka hadi elfu kumi, kisha elfu tano. Mwenye nyumba akaanza kunigongea mlango.

Juzi muuza magodoro akaniita tena, anataka tangazo jipya. Njiani nilijisemesha kama mtoto anayekariri shairi: hii ni kazi, siyo utani. Yeye akinilipa, na wengine watalipa. Nilipofika nikayasema yote, tena bila kutetemeka. Safari hii hakucheka.

"Mtani, umenuna?"

Nikakosa pa kutokea. Nikisema ndiyo, nimevunja utani, na mtu huyu simjui kwa shuka tu. Tulipomzika mama, ndiye aliyeingia kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka tumpe kuku, tukacheka huku tunalia. Kuku alipewa, lakini baadaye alimrudisha kwetu apikiwe wafiwa. Nikisema sijanuna, bei ni ile ile.

"Sijanuna," nikasema.

Akainama chini ya kaunta, akatoa shuka la pili. Lilikuwa limekunjwa tayari.

"Nilikuwekea."

Nimeshinda nikijiuliza kama ananionea au mimi ndiye sijui kusema. Mwenye nyumba amegonga mara mbili, sikuitika, maana nilikuwa narekodi. Nilijifunika mashuka yake yote mawili. Joto lilikuwa kali, jasho likanitiririka machoni. Ila niseme ukweli, na mashuka mawili sauti imetoka safi zaidi.