Udongo Mweupe wa Morukapel

Akai hakuwa mtu wa kutulia. Ukimkuta asubuhi katika soko la Lodwar ametandika gunia na kupanga vikopo vyake vya udongo, mwekundu, wa njano, wa kijivu, mweupe, usijidanganye kwamba saa sita utamkuta palepale. Atakuwa amemwachia jirani biashara, mwenyewe yuko ng'ambo ya mto Turkwel kumwona mgonjwa, au amepata lifti ya Kalokol kwa sababu ambayo hata yeye hawezi kukueleza. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba alitoa mifugo kwa ajili ya mke, akaletewa upepo. Akai alicheka sana kila alipolisikia hilo, kisha akavaa viatu.

Udongo aliouza si wa kujengea. Ni emunyen, ule wa kujipaka. Mtoto akizaliwa hupakwa, mgonjwa akiinuka hupakwa, mtu akirudi salama kutoka mbali hupakwa kifuani na kwenye paji la uso, watu wakamwombea heri. Makanisa yamejaa Turkana siku hizi, na Akai mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kwaya mwenye sauti ya kutikisa mabati, lakini emunyen watu hawajaiacha. Na katika emunyen zote, nyeupe ya Akai ilikuwa na sifa yake. Ya mtoni ikikauka hupasuka na kudondoka kabla jua halijatua. Ya Akai ilishika ngozi mchana kutwa, tena ilimetameta. Watu walikuja hata kutoka Kaaleng kuitafuta. Wenzake sokoni walipomdodosa anaitoa wapi, aliwaambia anaitoa mbinguni, waende na wao wakachimbe.

Aliitoa Morukapel, kilima kilicho ndani kidogo ukiacha barabara ya Kakuma, na hapo ndipo alipozaliwa. Miaka ya sabini ilikuja kampuni kutoka Kenya, maana wazee wa huku wakishavuka Kitale husema wamekwenda Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Ilikuja kuchimba asbesto. Wakatoboa mashimo ubavuni mwa kilima, wakaleta mashine ya kuponda mawe iliyonguruma tangu asubuhi mpaka mbuzi warudi, wakaandika watu kazi. Wanaume walivunja mwamba, wanawake walikaa chini wakichambua nyuzi za asbesto kwa vidole kama wanaochambua mchele, na mzee Esekon, baba yake Akai, alishindilia nyuzi hizo kwenye magunia na kuyarusha ndani ya lori. Zilikwenda kutengenezewa vigae vya paa, mabomba na breki za magari. Jioni Esekon alirudi mweupe kuanzia nywele hadi kucha, watoto wakamkimbilia, na Akai kwa kuwa ndiye kitindamimba ndiye aliyebebwa.

Vumbi lisilo na faida lilimwagwa chini ya kilima mpaka likawa kilima cha pili, na watoto wa Morukapel wakapata mahali pa kuteleza kwa makalio. Baadaye dunia ikaikataa asbesto, bei ikaanguka, kampuni ikapakia kilichouzika ikaenda zake bila hata kwaheri. Mashine iliachwa ioze kwa kutu. Rundo jeupe liliachwa wazi, na mashimo yaliachwa wazi. Esekon naye aliachwa anakohoa. Alitibiwa kifua kikuu, akameza dawa zote bila kukosa, akafa anakohoa vilevile.

Basi mwaka huu akaja Kipngeno. Huyu ni kijana wa Kericho, mtaalamu wa miamba, aliyetumwa kuangalia mvua zinalisukuma wapi lile vumbi la mgodi. Aliulizia mtu anayekijua kilima, akaelekezwa kwa Akai. Siku aliyotaka kupelekwa ilikuwa mbaya. Bintiye Akidor, aliyeolewa Kakuma, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na jioni ya siku hiyohiyo mtoto alitakiwa kutolewa nje na kupakwa. Akai alizunguka nyumba yake usiku mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwenda Kakuma, au kwenda na huyu kijana? Mwisho akaona mjukuu hakimbii, ataonekana kesho, lakini mtu wa kumweleza ni nini kilichomla baba yake hakuwahi kuja tangu azikwe. Akajaza kopo la emunyen nyeupe, safi kuliko yote, akampa Adau alipeleke, mwanamke wa Sudan Kusini mwenye duka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambaye alikuwa Lodwar kununua shanga na alikuwa anarudi alfajiri. Mama Epuyo, mama mzazi wa Epuyo mume wa Akidor, angempaka mtoto kwa mikono yake.

Walipofika Morukapel, Kipngeno alivaa barakoa na glavu, akampa na Akai zake. Akai alizitia glavu mfukoni, barakoa akaivaa kichwani kama kofia, akamcheka mpaka machozi yakamtoka. Kijana hakukasirika. Alimwonyesha jiwe la kijani lenye mabaka kama ngozi ya chatu, laini, lenye utelezi ukilipapasa. Alimwambia jiwe hili lilikuwa chini ya sakafu ya bahari, bahari yenyewe hasa, si ziwa letu, enzi ambazo duniani hapakuwa na mnyama hata mmoja mwenye mfupa. Nchi mbili zilisukumana, bahari ikafinywa ikafa, na kipande cha sakafu yake kikapandishwa juu ya nchi kavu. Maji ya moto yakapenya ndani ya mwamba, yakaugeuza polepole kuwa hili jiwe la kijani. Na kwenye nyufa zake zikaota nyuzi.

Akai alibisha. Bahari hapa, mahali ambapo mtu anaoga kwa kikombe? Lakini hadithi ilimpendeza, hilo usimnyime. Alikuwa amekizunguka kilima hiki maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kilitoka mbali hivyo.

Kisha Kipngeno akalowesha jiwe kwa maji, akalipiga nyundo, likaachia mkanda wa nyuzi zilizosimama bega kwa bega, zinang'aa kama hariri. Akauchambua uzi mmoja kwa vidole vya glavu. Ukawa nyuzi mbili. Akauchambua tena, na tena, mpaka Akai hakuona kitu, na Kipngeno akamwambia kwamba bado upo na bado unachanika. Huo usioonekana ndio unaoingia kifuani. Hauungui, hauozi, mwili hauna pa kuupeleka. Unakaa hapo ukikwaruza, na pafu linaota kovu juu ya kovu. Ugonjwa wake hauna haraka. Unaweza kuchukua miaka thelathini au arobaini, na wengine hauwashiki kabisa. Hakuna anayeweza kujua mapema ni nani. Mzee Esekon, ambaye Akai alimsimulia habari zake njiani, huenda hakuwa na kifua kikuu hata siku moja, kijana akasema kwa sauti ya chini.

Akai akakaa chini palepale kwenye rundo.

"Na hili jeupe?" akauliza.

"Hili ndilo baya zaidi, mama. Hili ni unga wake. Simama hapo, tafadhali."

Hakusimama. Akauliza kama mtu akijipaka unaweza kumdhuru. Kipngeno alidhani ni utani, akauliza nani ajipake mavi ya mgodi. Akai akamweleza yote, vikopo, sokoni, Kaaleng, kopo lililoondoka alfajiri. Kijana akavua kofia yake, akaigeuzageuza mkononi. Alisema ukiwa mbichi si neno sana, lakini ukikauka ngozini unapukutika, na anayepukutikiwa anauvuta.

"Mtoto mchanga je?"

"Mama, mtoto asiguswe nayo. Hata kopo lisifunguliwe."

Morukapel hakuna mtandao. Kipngeno aliendesha mpaka barabara kuu huku Akai akiwa ameinua simu dirishani kama anayekinga mvua. Mtandao ulipokuja, simu ya Akidor ilikuwa imezimwa. Epuyo alikuwa Todonyang ziwani kwenye uvuvi, na kupiga simu huko ni kupoteza muda. Mama Epuyo simu yake huchajiwa Jumapili kwa Jumapili. Ya Adau iliita mpaka ikakatika. Kipngeno alipima mafuta ya gari la serikali, yakawa ya kurudi Lodwar tu, na aliomba msamaha mara nyingi sana kwa kosa ambalo si lake. Akai hakumsubiri amalize. Alishasimama katikati ya lami akipunga mikono, na lori la mahindi ya msaada likabidi lisimame au limkanyage.

Dereva alitubu. Mama huyu hakuegemea kiti hata kidogo. Aliuliza kama lori haliwezi kukaza mwendo, akauliza jua litatua saa ngapi, akapiga simu, akaulaumu mtandao, akafungua dirisha, akalifunga. Alikuwa ameinua tena mkono kufungua dirisha alipouona ule mkono. Ulikuwa mweupe. Akaitazama shuka yake, nyeupe. Alikuwa amekaa kwenye rundo. Hapo akamkumbuka mama yake mzazi, ambaye hakutia mguu ndani ya mgodi maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kukung'uta nguo za Esekon mlangoni kila jioni. Na mama naye alikufa anakohoa. Walisema ameambukizwa na mumewe. Akai akaipeleka mikono yake kati ya magoti, akaibana hapo, na kwa mara ya kwanza dereva akapata utulivu, ila hakuupenda.

Boma la kina Epuyo liko Kakuma mjini, karibu na laga ya Tarach, mto wa msimu. Jua lilikuwa limeshaanza kulainika. Alisikia nyimbo za wanawake kabla hajauona ua, na miguu iliyokuwa ikimpeleka mbio maisha yake yote ikafika kwenye mwanya wa miiba ikagoma. Hakuthubutu kuingia. Ndani, mama Epuyo alikuwa amempakata mtoto uchi, kopo liko wazi, na kwenye kibuyu kilichokatwa emunyen ilikuwa imeshapondwa na mafuta ya mbuzi. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeshachovya.

"Ejok, Akai," mama Epuyo akamsalimu kwa furaha. "Kumbe umeshindwa kungoja kesho. Ingia."

"Mama Epuyo, weka hicho chini. Mtoto asipakwe."

Nyimbo zikakatika. Bibi mzaa mama kusimama nje ya ua na kumzuilia mjukuu wake heri, tena mbele ya watu? Kwetu hilo linakaribia laana. Mwanamke mmoja alimkokota mwanawe nyuma yake. Akai aliyaona hayo yote, lakini hakusogea. Alisema yote akiwa palepale nje, kwa sauti ile ya kwaya, kwamba udongo wake ni unga wa mgodi, ndio uliomuua baba yake na mama yake, mtaalamu amemwambia leo na ameamini. Kopo limwagiwe maji, lifunikwe, lizikwe chini sana. Na mtu asimsogelee, kwa sababu nguo zake zimejaa vumbi hilohilo.

Mama Epuyo ana ulimi, na aliutumia. Aliuliza kama si Akai huyuhuyu aliyeisifia emunyen yake kuliko za wote. Aliuliza ni wangapi wameshapakwa. "Hata mimi ulinipaka mwenyewe siku ya harusi ya hawa. Leo ndio unajua?"

"Leo ndio najua," Akai akasema.

Hakujitetea zaidi, na nadhani hilo ndilo lililommaliza nguvu mwenzake. Mama Epuyo alivitazama vidole vyake vyeupe. Akamkabidhi mtoto kwa mwingine, akavitia vidole kwenye maji, akamwaga maji yaliyobaki ndani ya kopo mpaka likafurika.

Akidor alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba muda wote. Sasa akaingia ndani, akatoka na jerikeni ya maji na dera lake mwenyewe, akavuka ua mzima mbele za watu. Akai alimkataza, akarudi nyuma, akamwambia yeye ni mzazi wa juzi na asimguse. Akidor alimwambia ainame. Akaanza kummiminia maji kichwani, taratibu, akimfuta shingo na nyuma ya masikio, maji yakatiririka mchangani yakiwa meupe.

"Mama," akauliza kwa sauti ya kusikika na wao wawili tu, "nilipokuwa mdogo nikiugua kifua, ni hii ulinipaka?"

"Ni hii."

"Mara moja?"

"Kila ulipougua. Nilikuacha ulale nayo."

Mkono wa Akidor ulisimama shingoni kwa mama yake. Kisha ukaendelea kufuta. Alipomaliza maji alimvua shuka, akaiacha pale chini ikiwa chepechepe, akamvisha dera, akamshika mkono akamwingiza ndani ya ua.

Walimletea mtoto. Akai hakumtazama sura wala hakuuliza amefanana na nani. Alilaza sikio kwenye kile kifua kidogo, akasikiliza kwa muda mrefu, wanawake wakimwangalia. Akampa mama Epuyo. Halafu akamvuta Akidor, mwanamke mzima, mbele ya wakwe zake, akamlazia sikio kifuani vilevile na kumbana asiondoke.

"Unasikia nini?" Akidor akauliza.

"Nasikia unapumua," Akai akasema, na hakuliondoa sikio.