Remote starter kwa gari ya manual: nilivyokaribia kumgonga Baba nikiwa jikoni

Wakuu, nawasalimu kutoka Meru, upande wa juu huku ukungu hauondoki mpaka saa nne.

Ninayoandika ni kweli tupu na aibu yote ni yangu, kwa hivyo mkinicheka, nichekeni vizuri.

Mimi ni mwalimu wa physics. Hilo liwekeni akilini, ndilo lililoniponza.

Baba alipata stroke mwaka jana. Mguu wa kushoto ukalegea, mkono pia. Daktari wa mazoezi alituambia wazi: aje mara mbili kwa wiki, akikosakosa mguu utakaza na hatatembea tena.

Shida ilikuwa baridi. Ule upande uliopigwa hauvumilii baridi hata kidogo, na gari yangu asubuhi ni friji. Heater inaanza kufanya kazi tukiwa tumeshakaribia mjini.

Baba akaanza visababu. Leo kichwa, kesho mvua. Nikajua huyu mzee atakaa nyumbani mpaka mguu ufe.

Nikasema hapana. Hiyo gari itakuwa na joto kabla hajatoka nje.

Hapo ndipo nikanunua remote starter. Kwa wasiojua, ni kit unayoongeza kwa gari, inawasha injini ukiwa mbali. Gari yangu ilikuja na remote yake ya kufunga na kufungua milango, na raha ya hii kit ni kwamba unaiunga kwa remote hiyo hiyo. Unabonyeza lock mara tatu, gari inawaka.

Nilipeleka kwa fundi wa waya za magari huko Majengo, anaitwa Musa, ndiye amekuwa akinitengenezea miaka yote. Akasoma box, akanirudishia.

"Mwalimu, hii ni ya automatic. Gari yako ni manual."

Nikamwambia tofauti ni ndogo tu.

"Tofauti ni gear, mwalimu. Gari ikiwa ndani ya gear na starter izunguke, inaruka. Hii lazima itafutiwe swichi ya neutral. Niachie wiki moja."

Wiki moja! Na Baba ashakosa mara mbili? Nikachukua box yangu nikaenda kuifunga mwenyewe. Kwani waya ni nini kwa mtu anayefundisha umeme form three?

Na kazi niliifanya safi, sitajishusha hapo. Nilifungua plastic ya chini ya usukani, nikatafuta kwa taa ya kupimia ule waya unaopata umeme ukibonyeza lock. Nikaunga hapo. Nikaunga ignition, starter, ground. Chip ya ufunguo wa spare nikaificha nyuma ya dashboard, ndiyo gari isikatae kuwaka. Nikaweka neutral, nikabonyeza mara tatu, ikawaka mara ya kwanza. Nilipiga kelele nikiwa peke yangu pale nje.

Kulikuwa na waya mmoja wa usalama. Huo kazi yake ni kuambia kit kwamba gari iko neutral. Nikaupeleka moja kwa moja ground, yaani nikaidanganya kit. Nilijiambia nitakuwa nakumbuka kuweka neutral.

Sasa nyinyi wa tambarare mtashangaa. Huku kwetu kila boma iko kwa mteremko, na handbrake zetu tunazijua. Mtu akipaki anatia gear one, anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi. Hufikirii. Mkono unafanya wenyewe.

Jioni hiyo nilitoka dukani, nikapaki. Mkono ukafanya kazi yake.

Asubuhi niko jikoni na chai. Nikanyoosha remote dirishani, lock mara tatu.

Sikujua Baba ameshatoka. Siku hiyo, mara ya kwanza kwa muda mrefu, alikuwa ameamka bila kubembelezwa, akashika walker yake, ile fremu ya chuma ya kutembelea, akaanza kwenda mwenyewe. Alikuwa anapita mbele ya gari.

Niliona gari ikiruka. Jiwe liko nyuma, mbele hakuna kitu ila Baba. Ikaruka tena, injini ikashika, ikaanza kupanda yenyewe.

Nikabonyeza lock, nikabonyeza, nikabonyeza. Wapi!

Baadaye ndio nilijua: ignition ikiwa on, gari yangu haisikilizi tena remote yake. Ilikuwa imeandikwa kwa karatasi ya kit, ukurasa wa pili.

Mama alikuwa anapita na nyasi za ng'ombe. Alitupa mzigo, akamvuta Baba kwa koti, wakaanguka wote juu ya nyasi. Gari ikapanda walker, ikaikunja, ikakwama na kuzima.

Baba alichubuka kiwiko, basi. Mimi nilitoka mbio, nikakaa chini kwa matope nikalia kama mtoto.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alisema tu, kwa Kimeru, kwamba yeye kwa hiyo gari haingii tena. Na hakuingia. Tulikosa mazoezi wiki mbili, na mguu ukaanza kukaza vile daktari alivyosema.

Mwingine angeng'oa kit atupe. Mimi niliapa itafanya kazi, na Baba ataona kwa macho yake.

Nikarudi kwa Musa. Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Leta gari. Na safari hii, mwalimu, wewe utashika tochi tu."

Aliweka swichi kwa gear lever, nyingine kwa handbrake, nyingine chini ya boneti. Zote tatu lazima zikubali ndiyo kit iwashe. Cable ya handbrake tukaweka mpya. Akaniongezea remote ya kit yenyewe, ambayo inazima injini hata ikiwa inanguruma. Tulijaribu na gear one mpaka akachoka na mimi.

Nyumbani nikamweka Baba kwa kiti, kando kabisa. Nikatia gear one. Kisha nikaenda kusimama mbele ya bampa, magoti yakigusa number plate. Msinifuate hapo wakuu, huo ulikuwa ujinga wa pili. Remote nilikuwa nimempa yeye.

"Bonyeza mara tatu, Baba."

"Na ikikuja?"

"Haikuji."

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Nikaingia, nikaweka neutral na handbrake, nikashuka, nikafunga mlango. Akabonyeza. Ikawaka, ikatulia pale pale.

Baba akauliza, "Kesho tunatoka saa ngapi?"

Mama aliniambia baadaye kwamba ile mara ya kwanza alibonyeza akiwa amefumba macho.

Nilichojifunza: umeme sikukosea hata waya mmoja. Nilichosahau kupima ni mkono wangu. Kama gari yako ni manual na unapaki kwa mlima, usiupeleke ground ule waya wa usalama, na fundi akikuambia wiki moja, mpe wiki moja. Siku hizi napaki neutral, na mawe ni ya mbele na nyuma.

Kuna mwingine hapa amefunga hii kitu kwa manual? Ulifanyaje? Na wenye wazazi wa stroke, mnawakingaje na baridi? Andikeni, nitajibu wote. Niko na muda, nimekaa kwa benchi hapa nje, Baba yuko ndani anafanya mazoezi.