Mshahara Wangu na Redio ya Upepo

Niliamini, tena nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na cheti, kwamba noti inaweza kugeuzwa upepo. Aliyeniambia ni mpagazi mwenzangu bandarini Kigoma, mwaka ule nilipovuka kutoka Kalemie, Kongo, na mkeka mmoja na kamusi ya Kifaransa. Alisema Ujiji kuna mitambo inaitwa redio ya upepo. Unampa mwenye mtambo hela zako, anazipitisha nyuma ya redio, zinakuwa upepo, zinavuka ziwa, na kule Kalemie mwenzake anazikinga zikiwa noti tena.

"Ila usitume siku ya upepo mkali," akaniasa. "Zitapeperukia Zambia."

Nilimshukuru sana. Niliona kaniokoa na hasara kubwa.

Miaka ile ziwa halikuwa na usingizi. Watu walivuka kutoka Burundi na kutoka kwetu Kongo, na kila mtumbwi ulishusha watoto wengi kuliko mizigo. Mchana nilibeba magunia, jioni nikasoma madarasa ya watu wazima pale Rusimbi. Nilipomaliza nikachukuliwa kufundisha Kifaransa na hesabu katika shule ya jumuiya Buzebazeba, iliyopokea watoto wa ng'ambo pamoja na wa mjini.

Siku yangu ya kwanza kazini darasa lilikuwa na watoto elfu moja. Mwalimu Mkuu aliandika themanini na kitu kwenye mahudhurio, lakini yeye hakuwa amesimama mbele yao. Alikuwa mtu wa Singida, mrefu, na shati lake jeupe lilikuwa halijui kabisa vumbi la Ujiji.

"Andalio la somo liko wapi?" akaniuliza. Andalio ni ule mpango anaouandika mwalimu kabla ya kipindi: atafundisha nini, kwa zana gani, na atajuaje kama wameelewa.

"Liko kichwani, Mzee."

"Basi kichwa hicho kiache mezani nikikague, wewe nenda darasani."

Tangu siku hiyo sijawahi kuingia darasani bila andalio. Yeye ndiye aliyenifundisha pia nisiwaulize watoto "mmeelewa?", maana wataitikia ndiyo hata kama umewasomea tangazo la dawa ya mende. "Mwambie mmoja akurudishie ulichosema," alisema. "Hapo ndipo utajua kilichofika." Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi baadaye, na waratibu wa elimu waliokuja kwa pikipiki na kuondoka kwa pikipiki, lakini ualimu wangu wote nimeutoa kwa yule bwana.

Mshahara wetu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ukiutia mfukoni, mfuko wenyewe haupati habari. Hata hivyo kila mwisho wa mwezi nilikwenda Kasingirima, mtaa wa Ujiji, kwa Fundi Ramadhani, mwenye redio ya upepo, kumtumia mama yangu Kalemie. Chumba chake kilikuwa na betri ya gari, maiki nyeusi, na waya uliopanda juu ya mlingoti wa mianzi. Wateja tulikaa kwenye benchi, na kila mmoja alisikia ya mwenzake: nani kafiwa, nani kaolewa, nani kakimbiwa na mume. Fundi hakurudia hata neno moja nje ya mlango ule. Mtu huyo alibeba siri za nchi tatu kifuani na bado alikuwa mwembamba.

Nilipompa hela aligeuka kuziweka. Mimi kwa adabu nilitazama ukutani, nisije nikaonekana napeleleza mtambo.

Mwaka mmoja ikaja habari kwamba mama hauoni tena mlango wake. Ni mtoto wa jicho, ule ukungu unaofunika mboni kidogo kidogo. Madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali ya Kalemie kwa muda mfupi, na baada ya hapo hakuna aliyejua kama wangerudi. Mwalimu Mkuu alinipa mshahara wa mwezi ambao ulikuwa haujafika, walimu wenzangu wakachanga, na gharama ya upasuaji ikatimia.

Na upepo nao ukaanza. Upepo wa kusini, ziwa likawa jeupe kama sufuria la uji unaochemka. Nikakaa na hela zangu chini ya mto.

"Mwalimu, hujatuma tu?" Mwalimu Mkuu akaniuliza.

"Nangoja hali ya hewa, Mzee."

Akanitazama sana, lakini nadhani alifikiri natuma kwa mtumbwi.

Ulipotulia nikakimbilia kwa Fundi. Redio ilikuwa inakwaruza kama mtu anakaanga dagaa. Fundi akapaza sauti: "Kalemie, mwambieni mama wa Mwalimu, Mwalimu amekutumia hela zote za macho, ova!" Ova ni neno la kumpisha mwenzako aseme, kwani redio ile haikuruhusu wawili kwa pamoja.

"Imeeleweka, ova!" ikajibu Kalemie.

Nikarudi Buzebazeba nikiruka madimbwi ambayo hayakuwepo.

Siku chache baadaye akaja shuleni Mama Riziki, mfanyabiashara wa mawese aliyekuwa akivuka na boti. Akaniwekea miguuni gunia la unga wa muhogo na tita la samaki wakavu.

"Mama yako kakupa. Kasema pole na njaa."

"Njaa gani, mama?"

"Usinifiche, mwanangu. Si umetumia hela zote za macho? Yeye hakulaumu. Kasema ugenini ni ugenini, ule ushibe, macho yatangoja."

Niliketi juu ya gunia. Mimi, mwalimu wa lugha, nikaona kilichotokea: "amekutumia" ilitoka Ujiji nzima, ikafika Kalemie "ametumia". Ile "ku" ilikuwa imemezwa na mkwaruzo. Na mama yangu, aliyekaa gizani, akanunua unga wa kunilisha mimi niliyekula macho yake.

"Madaktari wapo?" nikauliza.

"Wanafunga mizigo. Kesho asubuhi wanaondoka."

Sikuaga. Wanasema nilitoka Buzebazeba hadi Kasingirima nikiwa sijagusa ardhi, nami sikatai. Fundi aliponisikia alinipitisha mbele ya foleni nzima.

"Kalemie, mwiteni mama wa Mwalimu, haraka! Hakutumia! Ame-KU-tumia! KU, kama kuku, ova!"

Mkwaruzo. Kisha: "Mama kafika. Anauliza kuku yuko wapi, ova."

"Hakuna kuku!" benchi zima likapiga kelele. Nikamkumbuka Mwalimu Mkuu, nikaomba maiki.

"Mama, shikamoo. Hela zako zipo hapo. Ni zako, za macho, sijala hata moja. Nirudishie nilichosema, ova."

Fundi akaanza kugusa nyaya zake.

"Umesema hukula," sauti ya mama ikaja, nyembamba. "Umesema zipo hapa, ni za macho. Nakwenda hospitali sasa hivi. Lakini ule unga kula, ova."

Benchi lilishangilia hadi mlingoti wa mianzi ukatikisika. Mama alikuwa mtu wa mwisho kupasuliwa. Alipovuka kuja kunitazama, alinizunguka pale gatini na kusema hakuwa amejua kwamba mtoto wake ana sura mbaya hivyo.

Sasa nimestaafu. Wajukuu wanatuma hela kwa kubonyeza simu huku wanatafuna muhogo, na mimi nafurahi, sina kinyongo na simu. Ila nikikutana na mwalimu kijana anayelisha nyumba mbili kwa mshahara mmoja, moja hapa na moja ng'ambo, namvulia kofia. Kazi hiyo haijawahi kuwa nyepesi, na wanaoifanya ni watu wakubwa kuliko wanavyojijua.

Mnauliza lini niliacha kuamini mambo ya upepo. Ni siku ile ile, kabla mama hajatoka mbele ya redio. Nilikuwa bado na wasiwasi, nikamwomba aniambie kama noti zilifika salama, maana wiki ile upepo ulikuwa mkali na huenda nyingine zilipotea njiani, ova.



"Mwanangu, hakuna noti iliyovuka," mama akasema. "Za kwako anazo huyo fundi wako huko Ujiji. Hizi za kwangu katoa mwenzake wa hapa, kwenye sanduku lake. Wao watajuana. Kilichovuka ni neno tu, ova."