Mfereji Usio na Wachimbaji

Elihuruma alizaliwa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako mfereji wa maji hubeba jina la ukoo ulioupasua mlimani. Siku ya kuuzibua, kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Asiyetokea alitozwa pombe, na akikaidi, maji yaliipita migomba yake. Cheo hakikumwokoa mtu.

Alikuja Minneapolis kusoma historia, akabaki. Sasa huandaa maonyesho kwenye jumba dogo la makumbusho, jirani na magofu ya vinu vya unga kando ya mto. Mwaka huu alipewa ubao mmoja: jinsi mfereji ulivyozaa viwanda katika bonde moja la wakulima huko Uingereza. Kazi hiyo ilimwingia moyoni. Aliandika jinsi farasi walivyokuwa wakikwama matopeni na mizigo, kisha mashua zikaleta makaa ya mawe hadi mlangoni, na viwanda vya nguo vikajipanga kando ya maji. Akaandika pia wanakijiji waliochimba kwa sepetu, na wale waliofukiwa udongo ulipoporomoka.

Ubao uliporudi kutoka kwa mkuu wake, Keziah, Mkenya, wachimbaji hawakuwamo. Sasa ulisema tajiri mwenye kiwanda ndiye aliyechimba mfereji, na picha yake kubwa ilikuwa imewekwa kando ya maneno hayo.

"Sepetu aliishika kwa mkono upi?" Elihuruma aliuliza. Alikuwa amekasirika na hakuficha.

"Eli, board imejaa. Watu hawana time ya kusoma vitu mob. Na hiyo picha yake lazima i-fit."

"Hata wewe, dada Keziah? Wewe uliyesomeshwa kwa jembe la mama yako?"

Keziah aliinamia simu yake.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa chini kabisa ya ubao: majina ya walioutengeneza, hadi aliyechagua rangi. Kumbe nafasi ilikuwapo, ila ya waandaaji wenyewe. Eti waliokufa udongoni ndio waliokuwa wakijaza ubao! Huko kwao mtu anayejitwalia mfereji bila kushika jembe angelala na kiu.

"Basi futeni jina langu," alisema. "Hapo pawekwe mstari mmoja tu: wanakijiji waliuchimba, na wengine uliwafukia."

"Sawa, nime-note," Keziah alijibu.

Siku ya ufunguzi Elihuruma aliendesha gari mapema kutoka nyumbani kwake Coon Rapids, akaenda moja kwa moja kwenye ubao. Jina lake lilikuwa limefutwa kweli. Mstari haukuwapo. Picha ya tajiri ilikuwa imerefushwa hadi chini, na sasa viatu vyake vilionekana, vinang'aa, havina hata tone la tope.